Kadesa, kakamatwa: aandikiwe F ipi?

Mzee alishuka bandari ya Malindi, Unguja, na boti ya kutoka Mkoani, Pemba, akaja moja kwa moja ofisini kwetu bila kupita kwa jamaa. Akatoa kwenye mfuko wa kanzu karatasi iliyokunjwa mara nne: matokeo ya semista ya mwanawe, yamechapwa kutoka kwenye simu katika steshenari moja ya Chake Chake. Kidole chake kikasimama kwenye herufi moja.

"Mwalimu, hii F n'ambie. Mwanangu kashindwa, au kaiba?"

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mitihani ya chuo kimoja hapa Unguja. Jibu nililijua. Kijana alikutwa na fomula kumi na moja zimeandikwa kwa penseli ndani ya mfuniko wa kalkuleta, kwa mwandiko mdogo na safi ambao ungemfaa sana kwenye kazi nyengine. Kanuni zetu zilimpa F, arudie somo mwakani, basi. Na F ile ilikuwa sawasawa na ya msichana aliyekaa safu ya tatu chumba hichohicho, ambaye alikesha wiki nzima na hesabu zikamshinda tu. Nikamwambia mzee amuulize kijana mwenyewe.

"Yeye nishamuuliza," akasema, huku akiikunja karatasi yake. "Sasa naiuliza karatasi."

Kuna vyuo duniani vilivyoamua kuwa karatasi ijibu. Mwanafunzi aliyedanganya hapewi F ya kawaida. Hupewa F yenye alama yake, na kila atakayeshika transkripti, ile karatasi ya matokeo yake yote, ataijua. Kwetu mjadala huu huzuka kila kanuni za mitihani zinapofunguliwa upya, na wajumbe wa kamati, walimu na serikali za wanafunzi hukwama palepale: tusitiri, tuandike, au tufukuze? Ninaziweka hapa njia nne, ubavu kwa ubavu, kwa anayetakiwa kupiga kura au kutoa maoni na hajui aanzie wapi.

Vipimo vyangu

Cha kwanza ni kile ambacho karatasi inamwambia mtu asiyekujua. Transkripti haiandikwi kwa ajili ya mama yako. Ataisoma ofisa wa ajira wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ataisoma meneja wa hoteli Nungwi, itasomwa na kamati ya udahili ya chuo cha Bara au cha Malaysia.

Cha pili ni ushahidi: adhabu inataka uhakika kiasi gani, na nani anaupima. Cha tatu ni njia ya kurudi, yaani aliyekosea anafanya nini ili mlango ufunguke tena. Cha nne ni kazi na gharama, jambo ambalo kamati husahau mpaka siku ya utekelezaji.

Cha tano hukioni kwenye kanuni za nje, na kwetu ndicho kizito: udogo wa visiwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Ukitoa watoto wa skuli za msingi, waliobaki karibu wote wana binamu mmoja. Majina matatu kwenye transkripti yanatosha kumjulisha msomaji kuwa huyu ni mjukuu wa nani na nyumba yao iko upande gani wa msikiti.

F ya kawaida

Hii ndiyo iliyozoeleka. Mwalimu au kamati inafuta mtihani, mwanafunzi anapata sifuri, sifuri inazaa F, anarudia somo. Karatasi inasema hakufaulu, jambo ambalo ni kweli, na inanyamaza kuhusu sababu.

Wanaoipenda wana hoja nzito, na nilikuwa mmoja wao kwa miaka. Sisi tumelelewa kusitiriana. Kosa la kijana wa miaka ishirini halitakiwi kuanikwa kama dagaa, na katika mji mdogo aibu ya mmoja huingia nyumba kumi. Kwa kipimo cha tano, basi, F ya kawaida inashinda waziwazi.

Kilichonigeuza kidogo ni yule msichana wa safu ya tatu. Alirudia somo, akafaulu kwa C, kwa kuwa katika vyuo vyetu vingi sapu (mtihani wa nyongeza kwa aliyeanguka) na marudio huishia hapo hata ukijibu kila kitu. Alipokwenda kwenye usaili aliulizwa F yake ya mwanzo ilikuwa ya nini, na muulizaji akatabasamu. Habari za chumba kile zilikuwa zimeshafika kabla yake. Ilivyokuwa karatasi haitofautishi, sitara ya mmoja ikageuka tuhuma kwa mwengine, na hakuna aliyemwomba ridhaa.

Ushahidi unaotakiwa ni mdogo, na hapo pana hatari isiyosemwa. Mwalimu anaweza kuitoa F kimyakimya, bila kikao wala barua, na mwanafunzi asijue hata kama ameshitakiwa. Wepesi huohuo ndio unaowavutia walimu wenye madarasa ya watu mia mbili. Kazi ya ziada hakuna. Kurudi ni kurudia somo, na mtu akirudia hafundishwi chochote kuhusu lililompeleka huko. Atajifunza tu kuficha penseli vizuri zaidi.

Inamfaa nani? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyenakili aya bila kutaja chanzo kwa sababu huko skuli hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hilo ni kosa. Na kesi ambayo kamati ina shaka kubwa kuliko uhakika, ijapokuwa hapo mimi ningesema kama una shaka, usitoe hata hiyo.

F yenye alama inayofutwa kwa darasa

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, chenye daraja la XF. Kwenye hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama zake, XF ni F tu, pointi sifuri. Tofauti iko kwenye maelezo: transkripti inaeleza kuwa somo hili limeangushwa kwa udanganyifu wa kitaaluma. Kanuni yao ikaongeza kuwa mwenye XF asiwakilishe chuo kwenye shughuli za nje ya darasa wala asishike uongozi wa jumuiya ya wanafunzi.

Lakini X ile haikuwekwa ikae milele. Ikipita miezi kumi na miwili, mwanafunzi anaweza kuomba iondolewe, kwa sharti awe amemaliza semina ya uadilifu wa kitaaluma na asiwe amekutwa na kosa jengine. Baraza lenye wanafunzi wenzake ndilo linaloamua. Likikubali, X inaondoka na F inabaki. Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas kilianzisha mfumo unaofanana na huo mwaka 1999, pamoja na kozi yake ya uadilifu. Texas A&M wao huweka nyota baada ya F, na nyota hiyo nayo hufutika kwa programu ya mafunzo.

Mtu aliyesoma chuo cha Kurani Zanzibar, au aliyekaa mbele ya mwalimu wa madrasa, hatapata shida kuuelewa utaratibu huu. Unafanana na sharti za toba: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mtu uirudishe. F inayobaki ndiyo haki ya wenzako waliofanya mtihani kwa jasho lao, haifutwi. X ndiyo inayosamehewa. Nilipomweleza hivyo mjumbe mmoja mtu mzima wa kamati yetu, aliyekuwa amepinga kuanzia ukurasa wa kwanza, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na darasa hilo atalisomesha nani?"

Hilo ndilo swali. Rasimu moja niliyopata kuiona ilisema mafunzo "yataandaliwa na idara husika." Idara husika, kwa anayezijua ofisi zetu, haina mlango wala kiti. Semina ya namna hii inataka mwalimu aliyepunguziwa vipindi, saa zinazojulikana, kazi za kuandika na mtu wa kuzisahihisha. Inataka iwepo na Pemba pia, maana mwanafunzi wa kampasi ya kule hawezi kupanda boti kila wiki kwa ajili ya toba. Chuo kikipitisha X kabla ya darasa, kimepitisha X ya milele bila kujua.

Ushahidi hapa lazima uwe mzito, na kikao kiwe kikao: barua ya mashitaka, siku za kujitayarisha, haki ya kusikilizwa, rufaa. Kwa chuo kidogo ni mzigo, lakini ni mzigo ambao tungepaswa kuubeba hata kwa F ya kawaida.

Jambo dogo la herufi. Kwenye madaftari ya mahudhurio mengi ya kwetu X ni "hakuwepo." Ofisa wa ajira akiona XF anaweza kudhani kijana hakufika kwenye mtihani, na kijana hatamsahihisha. Alama yoyote itakayochaguliwa ielezwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwenye ufunguo wa madaraja ulioko nyuma ya transkripti, kwa maneno kamili.

Kwa upande wa udogo wa visiwa, nilianza kwa kuamini kuwa hapa ndipo XF ingeanguka. Siku hizi sina hakika. Kwetu habari haingoji karatasi. Mtu akikamatwa asubuhi kampasi ya Tunguu, sokoni Darajani wanazo kabla ya adhuhuri, na zimeshanenepa njiani: fomula kumi na moja zimekuwa kitabu kizima, msimamizi amesukumwa, polisi wameitwa. Alama kwenye karatasi angalau ina kipimo na ina tarehe ya kuondoka. Maneno ya barazani hayana rufaa.

F yenye alama inayoondoka kwa muda

Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, kilianzisha daraja la FD mwaka 2009, kwa wale walioanguka kwa udanganyifu. Lilipotangazwa lilielezwa kuwa litakaa kwenye transkripti mpaka miaka miwili baada ya mwanafunzi kuhitimu. Lilikusudiwa makosa mazito au ya kurudia, na mamlaka ya kulitoa yaliwekwa ngazi ya mkuu wa idara, juu ya mwalimu wa somo.

Karatasi inasema wazi kama XF. Gharama ni nafuu zaidi, kwa sababu hakuna semina ya kuendesha. Kinachotakiwa ni mfumo wa kompyuta unaokumbuka tarehe. Njia ya kurudi ni kusubiri, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama. Kusubiri hakumfundishi mtu kitu. Tena miaka miwili baada ya kuhitimu ndiyo hasa miaka ambayo kijana wa kwetu anazungusha bahasha ya kaki ofisi kwa ofisi. Anayesubiri ajira ya ualimu atazipitisha nyingi kati ya nafasi zake na alama mkononi, halafu ifutike wakati hana tena pa kuipeleka transkripti safi.

Mtetezi wake atasema hilo ndilo lengo, na kwa kosa kama kumkodi mtu akufanyie mtihani, simlaumu.

Kuondolewa chuoni

Hapa alama haihitajiki. Kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa muda mrefu zimesema kuwa atakayepatikana na hatia ya udanganyifu katika mtihani atahesabiwa ameanguka mtihani wote wa mwaka huo na ataondolewa masomoni, seneti ya chuo ikithibitisha. Wanafunzi wanaliita disko. Mtu aliyetoka skuli anakuja na mazoea hayohayo, kwa sababu NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, nayo hufuta matokeo ya watahiniwa inaowabaini.

Faida ni kwamba kila mtu anaielewa, na mwenye kudhamiria hufikiri mara mbili. Kwa fani kama uuguzi na udaktari, ambako jibu la kuiba linaweza kumaliza mgonjwa wodini, ukali huo una maana.

Hasara yake nimeiona kwa macho. Nilikuwa nikisimamia mtihani pamoja na mwenzangu, joto la Februari, feni moja inazunguka kwa kulazimishwa. Akafika kwenye meza ya mwanafunzi mmoja, akakiokota kikaratasi kilichokuwa chini ya pindo la buibui, akakitazama, akakitia mfukoni mwake, akaendelea kutembea. Baadaye tulipokuwa tukifunga bahasha akaniambia, "Yule ni wa mwaka wa mwisho. Mimi simwondoi mtu chuo kwa kikaratasi." Adhabu ikiwa moja tu na kubwa, walio karibu na kosa huanza kutoliona. Na huruma ya namna hiyo haigawiwi kwa usawa: anayejulikana na msimamizi huipata, wa kutoka Micheweni, Pemba, asiyejulikana haipati.

Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kimeishi na jambo hili kuliko wengi. Mfumo wao wa heshima, ambao mwanafunzi huahidi kutodanganya, ulianza mwaka 1842, na kwa vizazi adhabu ilikuwa moja: kufukuzwa. Machi 2022 wanafunzi wenyewe walipiga kura kuibadilisha iwe likizo ya semista mbili, na mwaka uliofuata ukaja utaratibu wenye adhabu za ngazi mbalimbali. Zaidi ya karne na nusu ya msimamo mmoja, na waliougeuza ni wale walioishi ndani yake.

Njia ya kurudi ni kuomba udahili upya, kwa wanaoruhusiwa. Deni la mkopo haliondoki na mwanafunzi. Bodi ya Mikopo itadai hata kama digrii haikuja. Na katika visiwa viwili vyenye vyuo vikuu vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mtu aliyeondolewa kimoja anagonga kipi?

Ukiwa hapa, fanya hivi

Ikiwa chuo chenu ni kidogo, hakina mtu wa kusomesha semina ya uadilifu na kamati hukutana mara mbili kwa mwaka, bakini na F ya kawaida kwa sasa, lakini kila F ya udanganyifu itanguliwe na barua na kikao, na nakala ya uamuzi ibaki kwenye faili la mwanafunzi. Faili halisomwi barazani, na likihitajika lipo.

Ikiwa mnaye mtu na mnazo saa, XF ya darasa ndiyo ningeipigia kura. Iandikeni pamoja na jina la semina, idadi ya saa, kampasi zitakazoiendesha na tarehe ya darasa la kwanza. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, ahirisheni.

Ikiwa tatizo lenu ni watu wanaorudia kosa, au waliofanyiwa mtihani na mtu mwengine, alama ya muda mrefu kama FD ina haki ya kuwepo, kama ngazi ya pili juu ya XF. Kwa mtu aliyevujisha mtihani akauuza, ngazi zote hizo ni fupi. Huyo ni wa seneti.

Ikiwa ni skuli ya uuguzi au ya udaktari, kuondolewa kubaki mezani, pamoja na ngazi za chini yake ili wasimamizi wasifumbe macho.

Kwa kazi zinazodhaniwa zimeandikwa na programu za akili unde, msitoe F yoyote yenye alama kwa kutegemea asilimia ya kompyuta. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa chombo chake cha kutambua maandishi ya mashine Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama wenyewe wameshindwa, kamati yenu itatumia nini? Mwite mwanafunzi, mpe kazi yake mkononi, mwambie aieleze kwa mdomo. Dakika kumi zinatosha kumjua aliyeandika na aliyeokota. Programu za kupima mfanano nazo huonyesha maneno yanayofanana tu. Wizi huthibitishwa na mtu aliyesoma kurasa zote mbili.

Na kama wewe ndiye uliyekamatwa, usikubali kumalizana na mwalimu kwa maneno nje ya ofisi, hata akiwa mjomba wako. Omba uamuzi kwa maandishi, utaje kosa, kifungu na adhabu. Uliza kama alama itaonekana kwenye transkripti, kwa maneno gani, na itaondoka lini. Kisha tafuta siku za rufaa kwenye kanuni za chuo chako: mara nyingi huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, na barua ya kwenda Pemba hufika siku zikiwa zimeshapungua.